Sikio la muziki halitafutwi wiki ya mtihani

Kila mwaka, wiki mbili au tatu kabla ya mtahini wa muziki kuwasili, simu yangu haitulii. Mzazi huyu ataka mwanawe "afundishwe kusikia". Mwalimu yule aniomba nimpokee mwanafunzi wake Jumamosi mbili tu nimpige msasa. Mtoto mwenyewe afikapo, huwa na vidole vyepesi vya kutamanika. Bach humpiga bila kukwaa, na ngazi zote za meja na maina amezihifadhi kama aya. Lakini nikimpigia sauti tatu kwa pamoja kwenye piano na kumwomba aniimbie ile ya chini kabisa, hunitazama kana kwamba nimemwuliza habari za mwezini. Kisha hutamka maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi hata yanaanza kuniudhi: "Mwalimu, mimi sina sikio la muziki."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Siiamini hata kidogo. Ninaamini kwamba watoto wetu wengi wanalo sikio, tena zuri, na kwamba sisi walimu ndio tunaolinyima kazi mpaka siku za mwisho, kisha tunashangaa linapogoma.

Nazungumzia hasa mtihani wa Gredi ya 8, ambao ni kilele cha gredi za muziki zinazotahiniwa na halmashauri ya Uingereza ijulikanayo kama ABRSM, iliyoanzishwa mwaka wa 1889. Mtihani huo una alama 150. Vipande vitatu vya muziki alivyotayarisha mtahiniwa vina alama 30 kila kimoja. Ngazi zina 21. Kusoma noti papo kwa papo 21. Na majaribio ya kusikiliza 18. Anayepata 100 amepita, anayefikisha 120 hupewa sifa, naye wa 130 hupewa sifa za juu kabisa.

Msomaji ataona mara moja mahali tatizo linapoanzia. Alama 18 kati ya 150! Mwalimu mwenye mwanafunzi asiyemaliza vipande vyake hupiga hesabu ya haraka na kuamua kwamba kusikiliza kungoje. Nami naijua hesabu hiyo kwa sababu niliipiga mwenyewe, na nikamponza nayo mtu.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mwenye bidii, aliyenijia akiwa na umri wa miaka 11 na kukaa nami hadi Gredi ya 8. Mwaka ule tulitumia muda wetu wote kwa vipande na ngazi. Kusikiliza tulikugusa katika masomo mawili ya mwisho, mbio mbio, kama mtu afungaye mizigo gari limekwisha kupiga honi. Matokeo yalipokuja nilisoma: vipande 26, 25 na 25, ngazi 17, kusoma 15, kusikiliza 10. Jumla 118. Alikosa sifa kwa alama mbili. Lau angalipata 12 katika kusikiliza, ambazo ndizo za kupita tu katika sehemu hiyo, angalifikisha 120 kamili.

Alama mbili si msiba. Kilichoniuma ni kile alichojifunza kutokana nazo. Aliniambia kwa upole kwamba sasa ana hakika hana sikio, na kwamba asiye na sikio hana haja ya kuendelea. Akaacha piano.

Miezi michache baadaye nilialikwa katika kanisa analosali. Kwaya ilisimama, mpiga kinanda akainua mikono, na umeme ukapotea. Palikuwa na kimya cha kutia aibu. Ndipo yule msichana, aliyekuwa katika safu ya alto, alipogeuka, akavuta pumzi na kuwapa wenzake noti za kuanzia: soprano yao, alto yao, tena yao, kisha ya besi, ambayo aliiguna chini kadiri koo lake lilivyofika. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umeme ulipurudi katikati ya ubeti wa tatu, kinanda kilikuta sauti zao ziko pale pale kilipoziacha.

Nilikaa nyuma nikiinamisha kichwa. Mtu awezaye kutoa noti nne za kwaya kutoka katika fikira zake ndiye niliyemwacha aamini kwamba hana sikio. Alikuwa nalo tangu utotoni. Alichokosa ni mwalimu wa kumwambia kwamba lile analolifanya kanisani kila Jumapili na lile analoulizwa na mtahini ni jambo moja lenye majina mawili.

Tulitazame basi jaribio lenyewe, kama lilivyopangwa kuanzia mwaka wa 2011, tuone linadai nini.

La kwanza lina sehemu tatu. Mtahini hupiga mara mbili kifungu cha muziki chenye sauti tatu, na mtahiniwa, bila kuona noti, huimba au hupiga kwa ala yake ile sauti ya chini kabisa. Kisha hupigiwa kifungu kingine na kuulizwa kadensi yake, yaani namna muziki ulivyotua mwishoni. Hatimaye hutakiwa kutaja mafungu matatu ya noti yaliyounda mwisho huo, pamoja na kueleza ni noti gani ya fungu iliyokaa chini.

Maswali haya matatu huwatisha wanafunzi kwa sababu huyasoma kama matatu. Kwa maoni yangu ni swali moja: je, unaisikia besi? Anayeisikia besi amejibu sehemu ya kwanza kwa kuiimba, na amejibu nusu ya zile mbili zilizobaki kabla hajaulizwa.

Chukueni kadensi. Ziko nne zinazotahiniwa, na wale wanaoimba kwa tonika solfa watanifahamu upesi. Besi ikitoka sol ikatua do, hiyo ni kadensi kamili. Ni kituo kikuu mwishoni mwa sentensi. Besi ikitoka fa ikatua do, hiyo ni kadensi ya plagali. Ni ile "Amina" ambayo kwaya huimba baada ya wimbo kwisha. Besi ikiishia sol, muziki umesimama mahali pa kungojea. Ni mkato, msemaji hajamaliza. Na besi ikitoka sol, nasi sote tukaitarajia do, kisha ikapanda la, hiyo ni kadensi iliyokatizwa, sawa na mgeni aliyefika mlangoni akageuka. Mwalimu akimfundisha mtoto haya kwa kuyaimba, siku mbili tatu zitatosha ayatambue, na miezi michache itatosha asiyasahau. Akimfundisha kwa kumwandikia ubaoni nambari za Kirumi tu, mtoto atayajua kwa macho, na mtahini hamwulizi macho.

Mafungu matatu nayo ni vivyo hivyo. Besi ikibaki sol, sol, kisha ikaangukia do, mara nyingi umesikia fungu la tonika lililowekwa juu ya sol, kisha la dominanti, kisha la tonika lililosimama juu ya msingi wake. Besi ikianza kwa fa, hapo pana mtego unaowanasa wengi. Yaweza kuwa fungu la nne likiwa juu ya msingi wake, au fungu la pili lililowekwa juu ya fa. Yote mawili yana fa na la ndani yake. Tofauti yao ni noti moja: la nne lina do, la pili lina re. Basi mwanafunzi ajizoeze kujiuliza kimoyomoyo, je, do ya nyumbani imo humo ndani au haimo? Hilo ni swali dogo, na jibu lake hutenganisha jambo analokisia na jambo analolijua.

Tatizo ni kwamba sikio, likiachwa kwa hiari yake, hufuata sauti ya juu. Wimbo huko juu ndiko unakong'aa. Besi lazima ifuatwe kwa makusudi, na hapa ndipo ninaposema kwamba mazoezi hayahitaji ada wala kitabu. Mwanafunzi akiwa ndani ya matatu, mahali ambapo muziki haumwombi ruhusa, aachane na maneno ya wimbo na alifuate gita la besi tangu nyumbani hadi shuleni. Aligune. Afikapo shuleni ajaribu kulikumbuka. Katika rumba na benga gita hilo husema waziwazi, wala halijifichi. Nimewaona vijana walioshindwa kabisa na besi ya piano wakaipata ndani ya wiki moja kwa njia hii, kisha wakairudia piano na kukuta kwamba ukungu umeondoka.

Baada ya hapo aketi kwenye kinanda na wimbo wa kanisani au wowote anaoujua. Apige sauti zote nne na kuimba besi. Kesho yake apige sauti ya juu peke yake na kuimba besi kwa kukumbuka. Siku ya tatu mwenzake apige, yeye aketi ameugeuzia kinanda mgongo. Asichoke kurudia wimbo mmoja. Afadhali nyimbo kumi zilizoingia mwilini kuliko mia zilizopitiwa juu juu.

Jaribio la pili humtaka mtahiniwa aimbe kutoka kwenye karatasi sauti ya chini ya kifungu chenye sauti mbili, huku mtahini akipiga ile ya juu. Hupewa noti ya kuanzia na muda mfupi wa kujitayarisha. Hofu hapa ni kuvutwa. Mwanafunzi huanza vizuri, kisha sauti ya juu humteka kama mkondo wa maji, akajikuta anaimba wimbo wa mtahini. Dawa yake ni ile ile inayomfanya mwimbaji wa alto asiporwe na soprano: kuimba mara nyingi akiwa karibu na mtu anayeimba kitu tofauti. Walimu wa kwaya wanajua kumweka mtoto wa alto kati ya waimbaji wawili wa soprano ili akomae. Kwa piano mwanafunzi aweza kupiga mstari mmoja kwa mkono wa kulia na kuimba mwingine, polepole kiasi cha kuchosha.

Wavulana waliobaleghe na wasichana wenye haya huniambia kwamba sauti zao ni mbaya. Yafaa wajue kwamba utaratibu wa mtihani hausifu wala haulaumu uzuri wa sauti. Linalotafutwa ni usahihi wa noti. Mtahiniwa aweza kuimba kwa irabu yoyote apendayo, aweza kuguna, hata kupiga mbinja. Mtahini yuko tayari kuufuata upana wa sauti aliyo nayo. Lisilokuwa na alama ni kimya.

Jaribio la tatu huuliza muziki umehamia wapi. Hupigwa kifungu kinachoanza katika meja, kisha kingine kinachoanza katika maina, kila kimoja mara moja tu. Kila kimoja kinaweza kuhamia mahali patatu: kwenye dominanti, kwenye sabdominanti, au kwenye ufunguo wa jamaa, yaani ule wa maina au meja unaotumia alama zile zile. Wanafunzi hushtuka wakisikia "mara moja tu". Lakini hesabu ya mambo matatu si ngumu. Ikiwa ulianza katika meja na mwisho umekuwa na huzuni ya maina, umekwisha kujibu: ni ufunguo wa jamaa. Hali kadhalika, ukianza katika maina na mwisho ukachangamka. Yakibaki mawili, shika do ya kwanza kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, usiiachilie, kisha ilinganishe na nyumba mpya. Katika meja, wanakwaya wana ishara nyingine: fa ikipandishwa ikawa fe, safari ni ya dominanti, ti ikishushwa ikawa ta, safari ni ya sabdominanti. Wamekuwa wakiziimba noti hizo miaka yote. Hawakujua kwamba ndizo vibao vya njiani.

Jaribio la nne ndilo linalohitaji ulimi. Mtahini hupiga kipande cha muziki, na mtahiniwa hukieleza: umbo lake, uzito wake, tabia yake, mtindo na enzi yake. Hapa wengi husema "ni kizuri" au "kina kasi", wakanyamaza. Lakini mtu hawezi kupata maneno ya kueleza kitu ambacho hajawahi kukieleza. Mwanafunzi asikilize kipande kimoja kila siku na kumwambia mtu, yeyote yule, mambo matatu aliyoyasikia pamoja na sababu zake. Asiseme tu kwamba muziki ni wa enzi ya Baroki, ile iliyokoma karibu na mwaka wa 1750, alipofariki Bach; aseme kwamba sauti zake zilifuatana na kuigana. Asiseme tu kwamba ni wa Klasiki, wakati wa Haydn na Mozart. Aseme kwamba mkono wa kushoto ulivunjavunja mafungu kwa utaratibu mmoja huku wa kulia ukiimba vishazi vilivyopimwa sawasawa. Akisema ni wa Romantiki, wakati wa Chopin, ataje pedali iliyochanganya sauti na mwendo ulioregea na kukaza kwa hiari ya mpigaji. Jibu lenye sababu ndilo linalomwonyesha mtahini kwamba mtu huyu alikuwa anasikiliza.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Watu huniambia kwamba haya ni mambo ya watoto waliozaliwa katika nyumba zenye piano, na kwamba sikio la namna hiyo ni la wageni. Nakataa. Nchi hii imejaa masikio yaliyofunzwa. Tonika solfa yenyewe ilisanifiwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kusudi watu wa kawaida wasio na ala waweze kusoma muziki kwa sauti zao. Wamisheni wakaileta huku, na mpaka leo ziko kwaya zetu nyingi zinazojifunza wimbo wa sauti nne kutoka kwenye karatasi iliyojaa herufi d, r, m, bila kinanda chochote. Mwimbaji wa besi katika kwaya kama hiyo amefanya mazoezi ya jaribio la kwanza la Gredi ya 8 maisha yake yote.

Tusiishie kanisani. Mpiga nyatiti huzikaza nyuzi zake nane kwa sikio, na asiporidhika nazo haanzi. Na ninyi walimu wa Kiswahili mnaosoma safu hii mnalijua sikio kuliko mnavyodhani. Msomeeni mwanafunzi wenu shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo, kisha katika mshororo mmoja dondosheni mizani moja. Mzoefu atakunja uso kabla hajahesabu kwa vidole. Atasikia kwamba kipande kimechechemea. Atasikia pia kina cha kati kilipopotea. Hakuzaliwa na uwezo huo. Aliupata kwa kuimba mashairi mengi na kurekebishwa. Muziki wadai kitu hicho hicho.

Wala jambo hili si la watahiniwa wa mitihani ya ng'ambo peke yao. Katika KCSE, somo la Muziki limekuwa na karatasi nzima ya kusikiliza, ambamo mtahiniwa huandika midundo na tuni anazozisikia na kutambua kadensi pamoja na kuhama kwa ufunguo. Mtaala ubadilike utakavyobadilika, mwanafunzi wa muziki asiyesikia ni kama mwanafunzi wa lugha ajuaye kusoma kwa sauti bila kufahamu anachosoma.

Nakubali kuna pingamizi moja nzito. Tangu mwaka wa 2020 halmashauri niliyoitaja imekuwa na njia nyingine ya Gredi ya 8, ambapo mtahiniwa hurekodiwa kwa video akipiga vipande vinne, bila majaribio ya kusikiliza. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini nawasumbua watoto ilhali mlango umefunguliwa. Siilaumu njia hiyo. Imewafaa wengi wanaokaa mbali na vituo vya mitihani, na wapo wanaong'ara zaidi wakipiga kuliko wakihojiwa. Ninachopinga ni kuichagua kwa sababu moja tu, kwamba mwanafunzi hakufunzwa kusikia. Mtihani waweza kuliruka sikio, muziki hauwezi. Siku umeme utakapopotea, siku mwimbaji atakapoanza wimbo katika ufunguo usioandikwa, siku noti za karatasi zitakapokuwa na makosa, hakuna video itakayomwokoa.

Nini basi kifanywe? Kwa walimu wenzangu nina ombi moja dogo. Toeni dakika 10 za mwanzo wa kila somo, kabla vidole havijagusa ala, mzifanye za sikio. Nazo zianze Gredi ya 1, zisingoje Gredi ya 8. Mwanafunzi aliye kwenye mwaka wa mtihani afanye dakika 10 kila siku nyumbani, siku sita kwa wiki. Katika miezi sita atakuwa na saa 26 za mazoezi. Yule wa wiki mbili za mwisho, hata akijitesa nusu saa kila siku bila kupumzika, hafikishi zaidi ya saa saba, tena saa saba za hofu.

Kwa wanafunzi nasema, imbeni. Jiungeni na kwaya ya shule au ya mtaani, na mkipewa nafasi ya kuchagua, msiikimbilie sauti ya juu. Ombeni alto, ombeni tena, ombeni besi. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake yaanzia mwaka wa 1927, hufundisha masikio mengi kuliko chumba changu kitakavyowahi kufundisha. Na mkikosea, mkosee kwa sauti, kwa sababu mwalimu hawezi kurekebisha kosa lililobaki tumboni.

Kwa wazazi nasema, msimwambie mtoto kwamba hana sikio, hata kwa utani. Aliyetambua hatua za mama yake mlangoni kabla mlango haujafunguliwa analo la kutosha kuanzia.

Yule msichana nilimfuata nje baada ya ibada nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba alichokifanya umeme ulipopotea ni kigumu kuliko alichoulizwa na mtahini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa nini basi hukuniambia mapema, Mwalimu?" Sikuwa na jibu. Siku hizi huja kwangu Jumamosi asubuhi, na tunaanza kwa dakika 10 za kuimba besi, piano ikiwa imefungwa.